Maswali Yenu: Kuandaa Makala ya Fasihi kwa Ajili ya Jarida

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wa Tanga na wilaya zake, wengi wao walimu na wanafunzi wa uzamili wanaotaka kupeleka makala ya fasihi kwenye majarida ya kitaaluma. Nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo mwalimu. Nanukuu tenzi za zamani. Beti niziweke ndani ya aya au nizitenge? Na nikikuta tahajia ya kizamani, nirekebishe? (Mwanafunzi wa uzamili, Ngamiani)

Marahaba. Inategemea jarida linafuata mtindo gani. Katika mtindo wa MLA (wa chama cha Modern Language Association cha Marekani), nukuu ya shairi isiyozidi mistari mitatu hubaki ndani ya aya, ikifungwa kwa alama za kunukuu na kutenganishwa kwa mkwaju: "Pangani tulipofika / na jua limeshazuka." Ikizidi hapo inatengwa, inasogezwa ndani, na alama za kunukuu zinaondoka. Mtindo wa Chicago hutenga kuanzia mistari miwili. Kwa kuwa ubeti wa utenzi una vipande vinne, ukiunukuu mzima utautenga tu:

Pangani tulipofika
na jua limeshazuka
tanga likateremka
tukashuka bandarini

(Ubeti nimeutunga mimi, msiutafute maktaba.)

Tahajia usiiguse hata kidogo. Nimesoma makala ambamo "alokuja" ya mshairi imegeuzwa "aliyekuja" kwa nia njema kabisa, na mizani nne zikawa tano. Halafu aya inayofuata mwandishi analalamika kwamba mshairi wa kale hakuwa makini na mizani! Inkisari ile, yaani kulifupisha neno ili mizani itimie, ilikuwa kazi ya mshairi. Ukiona neno litamtatiza msomaji, lifafanue kwenye tanbihi. Ukilazimika kuongeza kitu ndani ya nukuu, kitie kwenye mabano ya mraba ijulikane ni chako.

Tenzi zilizohaririwa zina jambo jingine: mhariri mmoja hupanga vipande viwili kwenye mstari mmoja, mwingine hukipa kila kipande mstari wake. Fuata toleo ulilolisoma, na useme hivyo mara moja mwanzoni. Kutaja namba ya ubeti kunamsaidia msomaji kuliko namba ya ukurasa, maana beti hazihami sana toleo likibadilika.

Naandika juu ya utenzi wa Hemedi bin Abdallah wa hapa kwetu, ule wa vita vya Wadachi (Wajerumani). Mwaka nitaje upi? Na kama nina muswada wa hati za Kiarabu? (Mwalimu wa sekondari, Pangani)

Jina la utenzi lenyewe limebeba 1307, na huo ni mwaka wa Hijria. Mwaka huo ulianza Agosti 1889 ukaisha Agosti 1890, kwa hiyo kuandika "1889" peke yake kunapunguza ukweli. Andika 1307 H, kisha 1889/90. Mwaka huo ni wa vita. Usiuchanganye na mwaka wa chapa. Toleo lililohaririwa na J. W. T. Allen lilitoka 1955, na ukinukuu kutoka humo, 1955 ndio unaoingia kwenye mabano.

Kama unasoma muswada wenyewe, taja maktaba, mji, namba ya hati, kisha karatasi na upande wake, wa mbele au wa nyuma. Ukiunukulu kwa hati za Kilatini, eleza kanuni zako. Hati za Kiarabu kwa desturi ya zamani hazikutofautisha vizuri "e" na "i" wala "o" na "u", kwa hiyo kila irabu unayoandika ni uamuzi wako. Mhakiki, yaani msomi anayeikagua makala kwa niaba ya jarida, ana haki ya kujua umeamuaje.

Shaaban Robert aorodheshwe chini ya S au R? (Mwanafunzi, Muheza)

Majarida mengi yatataka "Robert, Shaaban", na ndani ya matini "Robert" na mwaka. Masikio yetu ya Tanga hayalipendi, lakini kwenye marejeleo fuata jarida. Kwenye maelezo yako mwenyewe mwite Shaaban Robert kama tumwitavyo sote.

Linalonisumbua zaidi ni miaka. *Kusadikika* kilitoka 1951 na kimechapishwa tena mara kadhaa, na kurasa hazilingani. Ukiandika 1951 huku umeshika chapa ya miaka ya tisini, msomaji atafungua ukurasa asikute kitu. Taja chapa uliyonayo, na mwaka wa kwanza uutie kwenye mabano ya mraba kama mtindo unaruhusu. *Kufikirika* kilichapishwa 1967, naye alifariki 1962. Usipoeleza, utajenga hoja nzima juu ya "fikra zake za baada ya uhuru" ambayo haina miguu.

Nimeambiwa nifute jina langu. Nikishalitoa ukurasa wa kwanza, yatosha?

Haitoshi. Jina linafutwa ili mhakiki asijue makala ni ya nani. Angalia sifa za faili, maana programu huhifadhi jina la mwenye kompyuta. Shukrani kwa msimamizi wako zitoe kabisa, uzirudishe makala ikikubaliwa. Na sentensi kama "nilivyoonyesha katika tasnifu yangu" igeuze ujitaje kama mtu mwingine.

Fonti gani, nafasi kiasi gani?

Soma mwongozo wa jarida. Mwongozo ukikaa kimya, Times New Roman 12 na nafasi mbili kati ya mistari havitamuudhi mhariri yeyote. Ikisiri (muhtasari wa makala) mara nyingi hutakiwa kwa Kiswahili na Kiingereza; ya Kiingereza mpe mtu aipitie.

Jarida fulani limeniambia nilipe kwa simu leo, makala itoke baada ya siku tatu. Nilipe? (Chumbageni)

Usilipe. Yapo majarida halali yanayotoza ada, lakini hutangaza kiwango mapema, na ada kwa kawaida hudaiwa makala ikishapita kwa wahakiki. Kusoma makala ya kurasa ishirini, kuandika maoni na kurudisha huchukua miezi, si siku tatu. Tafuta majina ya bodi ya wahariri, kisha mwandikie mmoja wao kwa anwani ya chuo chake umuulize kama anajua yumo. Wengine hushangaa kweli.