Soksi za pamba za kufuma kwa mkono: kwa anayeanza, Unguja na Pemba

Maelekezo mengi ya kufuma soksi yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, na hesabu zake ni za uzi wa sufu. Ukiyafuata kama yalivyo huku umeshika uzi wa pamba ulionunua Darajani au Chake Chake, soksi itapendeza ikiwa mezani, lakini ukiivaa asubuhi, ikifika adhuhuri imeshuka na kujikunja kwenye kifundo cha mguu. Hapo wengi hudhani mikono yao ni mizito, wakaacha. Sababu iko kwenye uzi. Unyoya wa sufu una mawimbi ya asili, ukivutwa hurudi. Pamba haina mawimbi hayo, ikivutwa hubaki pale ilipofika. Kwa hiyo soksi ya pamba inashikwa mguuni na vipimo pamoja na mpangilio wa vitanzi, na hayo mawili ndiyo ya kujifunza kwanza.

Kabla ya kununua uzi, jua soksi ni ya nani. Wanawake wengi wa hapa Visiwani wanaofuata madhehebu ya Shafi hufunika nyayo katika sala, na soksi ya kazi hiyo lazima ishibe: ukiivaa na kuinyoosha, ngozi isionekane kati ya vitanzi. Soksi ya mwanafunzi wa skuli hufuliwa karibu kila siku, kwa hiyo kisigino na ncha ya vidoleni ndivyo vya kuimarishwa. Soksi ya kichanga haitiwi mpira hata kidogo, na ndani yake pasiachwe nyuzi zinazoning'inia, kwani zinaweza kuzonga kidole cha mtoto. Watu hupenda kumwambia mgeni aanze na soksi ya kichanga kwa kuwa ni ndogo. Mimi namwambia asianze nayo. Vitanzi 36 vikigawanywa kwenye sindano nne, sindano zinagongana na vidole vinakosa pa kushika. Anza na mguu wa mtu mzima.

Uzi wa madukani mara nyingi hauna karatasi ya maelezo, na muuzaji anaweza kuita sufu kitu ambacho ni akriliki. Kata kipande cha sm 5, kishike kwa koleo juu ya sinia la bati, ukichome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Akriliki huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu nyeusi. Sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Akriliki si haramu, ila kwa joto letu hubakisha jasho mguuni. Ukipata pamba iliyochanganywa na nailoni kidogo, ichukue hiyo, kwani inavumilia msuguano kuliko pamba tupu. Gramu 100 za uzi mwembamba hutosha pea moja ya mguu wa wastani ikiwa shingo ya soksi haizidi sm 15. Nunua 150, na zote siku moja, kwa maana rangi ya shehena nyengine haitalingana na hii hata ikiitwa jina lile lile.

Sindano utahitaji tano zenye ncha pande zote mbili: nne za kubebea vitanzi, moja ya kufumia. Unene uwe mm 2.25 hadi 2.5. Zikikosekana, zitengeneze. Spoku nyingi za baiskeli zina unene wa mm 2. Kata kichwa na upande wenye hesi, bakisha sm 20, noa ncha kwa tupa kisha isugue kwa msasa laini mpaka isikwaruze kitambaa cha hariri ukikipitishia. Vijiti vya mianzi vya mishikaki ni vinene kidogo, aghalabu mm 2.5 hadi 3. Chagua vilivyonyooka, vichonge ncha kwa wembe, vipige msasa, halafu visugue kwa mshumaa. Kujua unene bila kifaa cha fundi, panga vijiti kumi ubavu kwa ubavu juu ya rula: vikichukua sm 2.5, kila kimoja ni mm 2.5.

Mwanafunzi ashike mianzi. Kwenye chuma vitanzi vinateleza na kuchomoka, na zaidi ya hapo hewa ya bahari inakula chuma. Kazi ikilala wiki mbili kwenye spoku wakati wa masika, utakuta mstari wa kutu kwenye pamba nyeupe, na kutu hiyo sabuni haiitoi. Anayetumia chuma azipanguse sindano kila anapomaliza na azifunge kwenye kitambaa kikavu. Mikono nayo ioshwe na kukaushwa kabla ya kukaa, kwani pamba nyeupe hunywa jasho na kufifia vitanzini kabla soksi haijaisha.

Sasa kipimo. Anzisha vitanzi 40, fuma kipande cha sm 10 kwenda juu, kisha kifue vile vile soksi itakavyofuliwa, kikauke kabisa. Usiruke hatua ya kufua: pamba husinyaa mara ya kwanza, na husinyaa zaidi kwa urefu. Kikishakauka, weka rula katikati, mbali na kingo, uhesabu vitanzi ndani ya sm 10. Chukua mfano wa vitanzi 30, yaani 3 kwa kila sentimita. Kisha pima mzingo wa mguu penye upana wake, nyuma kidogo ya vidole. Ukiwa sm 22, punguza sehemu moja ya kumi: unabaki na sm 19.8. Zidisha kwa 3, unapata 59.4. Chukua 60, kwa kuwa unahitaji namba inayogawanyika kwa 4. Soksi lazima iwe nyembamba kuliko mguu, la sivyo hakuna kinachoishika. Kitambaa chako kikiwa legelege, badilisha sindano iwe nyembamba zaidi. Kupunguza idadi ya vitanzi hakutakusaidia, utapata soksi nyembamba yenye matundu.

Anzisha vitanzi vyote 60 juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, halafu chomoa moja. Mdomo wa soksi ukianzishwa juu ya sindano moja hukaza, na soksi haipiti kisiginoni hata kama sehemu nyengine zote ziko sawa. Gawa vitanzi 16, 14, 16, 14. Laza kazi mezani uhakikishe ukingo wote wa chini unatazama ndani, haujazunguka sindano popote, ndipo uunganishe mzunguko. Ukingo uliopinda haurekebishiki baadaye. Ni kufumua na kuanza upya.

Fuma vitanzi viwili vya uso, viwili vya mgongo, kuzunguka. Kitanzi cha uso ni kile ambacho uzi unakaa nyuma na sindano inaingia kutoka mbele. Cha mgongo, uzi unakuja mbele na sindano inaingia kutoka nyuma, kikaacha kinundu upande unaoutazama. Kwa soksi ya sufu, mfumo huu huishia sm 4 za mdomo. Kwa pamba uendeleze shingo nzima, na hata juu ya unyayo mpaka karibu na vidole. Mpangilio huo, uitwao mbavu, ndio unaokunjana na kufunguka badala ya uzi. Chini ya wayo peke yake ndipo pawe laini.

Tatizo litakaloonekana mapema ni ngazi: mstari wa vitanzi vilivyolegea pale sindano mbili zinapokutana. Mgeni huvuta kitanzi cha kwanza kwa nguvu, na haisaidii. Fuma cha kwanza kwa kawaida, ukifika cha pili vuta uzi. Ulegevu wa cha kwanza unaingia pale. Ngazi ikikataa kuondoka, tumia sindano ya mviringo yenye waya wa sm 80 au zaidi, kwa maana hapo maungio yanabaki mawili tu.

Shingo ikifika sm 15, geukia kisigino. Hapa ndipo watu huogopa, nami naona ndipo raha yote ya soksi ilipo, kwani kitambaa bapa kinageuka kikombe bila kukatwa wala kushonwa. Fuma vitanzi 30 vya mbele kama kawaida, kisha viache vipumzike kwenye sindano mbili za kwanza. Vinaanza na viwili vya uso na kuishia na viwili vya uso. Vilivyobaki 30 vifume kwenda na kurudi, mistari 30. Upande wa nje: hamisha kitanzi kimoja bila kukifuma, fuma kimoja, hivyo hivyo mpaka mwisho. Upande wa ndani: hamisha cha kwanza, vyote vilivyobaki vifume mgongo. Uzi unaopita nyuma ya vitanzi vilivyohamishwa hufanya kisigino kiwe na unene maradufu. Ongeza hapo uzi wa cherehani wa poliesta wa rangi ile ile, uufume sambamba na pamba.

Kisha kikombe. Mstari wa 1, nje: fuma 17, punguza kimoja (yaani fuma viwili kwa pamoja), fuma 1, geuza kazi ingawa vitanzi 10 bado havijafumwa. Mstari wa 2, ndani: hamisha 1, fuma mgongo 5, viwili kwa pamoja, 1, geuza. Sasa kila upande una vitanzi 10 vinavyosubiri, na kuna pengo dogo linaloonekana kwa macho. Mstari wa 3: hamisha 1, fuma 6, fuma pamoja kilicho kabla ya pengo na kilicho baada yake, 1, geuza. Endelea hivyo, katikati pakiongezeka kitanzi kimoja kila mstari, mpaka mstari wa 12. Utabaki na vitanzi 18. Ukiwa na idadi nyengine, kuna pengo ulilolivuka bila kupunguza. Rudi utafute huko kwenye mapengo, kosa haliwi mahali pengine.

Ubavuni mwa kisigino, vile vitanzi ulivyohamisha mwanzo wa kila mstari vimefanya mnyororo wa pete 15. Okota kitanzi katika kila pete, na kimoja zaidi penye kona ya juu, jumla 16 kila ubavu. Hicho cha ziada huziba tundu linalojitokeza kwenye kona za soksi za wanaoanza. Sasa una 18 na 16 na 16 na 30 za mbele, yaani 80. Kila mzunguko wa pili punguza kimoja kila ubavu, karibu na vitanzi vya mbele. Baada ya kupunguza mara 10 umerudi 60.

Urefu nao unahitaji kupunguzwa. Mguu wa sm 24 hufumiwa soksi ya sm 23, na ikiwa ni pamba tupu hata 22.5, kwa kuwa itarefuka ikivaliwa. Ncha itachukua kama sm 4.5, hivyo ianze soksi ikifika sm 18 hadi 18.5 kutoka nyuma ya kisigino. Acha mfumo wa mbavu, fuma uso mtupu, na kila mzunguko wa pili punguza vinne: viwili kila ubavu, kimoja juu na kimoja chini. Mara 7, utakuwa na 32. Halafu punguza kila mzunguko mara 4, ubaki na 16: nane juu, nane chini.

Kufunga kwa kukusanya vitanzi na kuvuta uzi huacha fundo linalouma kidole ndani ya kiatu. Kata uzi ukibakisha mkia wa sm 40, utie kwenye sindano butu ya kushonea, shika sindano mbili sambamba. Maandalizi kwanza: ingia kitanzi cha mbele kimgongo, kiache, ingia cha nyuma kiuso, kiache. Kisha rudia: mbele, ingia cha kwanza kiuso ukitoe, ingia kinachofuata kimgongo ukiache, nyuma, ingia cha kwanza kimgongo ukitoe, ingia kinachofuata kiuso ukiache. Usivute kwa nguvu. Ukimaliza, rekebisha ulegevu kwa ncha ya sindano kitanzi kwa kitanzi.

Uzi mwembamba wa mpira, ule wanaouza kwa mafundi cherehani, unafaa kwenye mdomo wa soksi ya mtu mzima. Usiufume pamoja na pamba. Upitishe kwa sindano upande wa ndani, mizunguko mitatu, soksi ikishakwisha, kwa maana mpira hufa mapema na utataka kuubadilisha bila kugusa kitambaa.

Andika kwenye karatasi mizunguko ya shingo na ya wayo ukiwa bado unafuma soksi ya kwanza, kwani kuihesabu baadaye kwenye mbavu ni taabu na mguu wa pili utatoka mrefu. Ukizifua, zikamue ndani ya taulo, usizisokote, na zianike kwa kulazwa mahali penye upepo. Zikining'inizwa zikiwa zimejaa maji, uzito unazirefusha. Siku za masika usiziweke kabatini mpaka hata kisigino, kwa ule unene wake, kimekauka, la sivyo zitaota kuvu. Weka akiba gramu 10 za uzi ule ule. Soksi iliyofumwa kutoka juu kwenda chini, ncha yake ikitoboka, hufumuliwa mpaka juu ya tundu, vitanzi 60 vikarudishwa sindanoni na ncha mpya ikafumwa.