Kupima joto kila saa kunakuchosha bure

Pole sana, ndugu. Umesema tangu mlipuko wa virusi utangazwe unapima joto kila saa, usiku hulali, na mikono imeanza kupasuka kwa kuoshwa. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Kilichonisaidia kwanza ni kupunguza habari: nilisoma taarifa za wizara ya afya mara moja asubuhi, basi. Zile sauti zinazosambazwa kwenye simu nilizifuta bila kuzisikiliza.

Joto pima asubuhi na jioni, au ukijisikia vibaya. Mikono ioshe kwa sekunde 20 ukitoka nje au chooni, ukikohoa, na kabla ya kula. Sabuni ya kawaida inatosha, kwani huvunja utando wa mafuta unaozingira virusi vingi. Kisha paka mafuta; ngozi iliyopasuka ni mlango wa vijidudu. Kama virusi hivi huenezwa kwa hewa, kufungua madirisha na kuvaa barakoa penye msongamano kutakufaa kuliko kufuta vitasa kutwa nzima (mimi nilifuta hadi rangi ikabanduka). Na usimeze antibiotiki eti za kujikinga, haziui virusi.

Ukishindwa kupumua vizuri, ukipata maumivu ya kifua au kuchanganyikiwa, nenda hospitali mara moja, na ikiwezekana wapigie simu wajiandae. Hofu nayo ikikunyima usingizi zaidi ya wiki mbili, mweleze daktari bila aibu, akuelekeze kwa mshauri nasaha.