Madaftari 248 na Kalamu Nyekundu

SWALI: Nafundisha Kiswahili Kidato cha Tatu, mikondo minne, wanafunzi 62 kila mkondo. Insha za mwezi uliopita bado ziko mezani. Nataka kila kosa nilisahihishe na kila mtoto nimwandikie maoni ya maana. Siku hizi nikiyaona madaftari tu moyo unaenda mbio, naishia kushika simu. Likizo niliipata, nikarudi vilevile. Ni uvivu huu?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, tuanze na hesabu. Madaftari 248 kwa dakika 12 kila moja ni karibu saa 50, na hapo hujaingia darasani. Mvivu hajipangii kazi ya namna hiyo. Unaikwepa kwa sababu kipimo ulichojiwekea hakifikiki. Kila ukikwepa unapata nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo ndiyo inayokufundisha kukwepa tena kesho.

Hali yako inafanana na uchovu wa kazi (kwa Kiingereza burnout). Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu kuwa hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu, halikuuita ugonjwa. Dalili ni tatu: nguvu kuisha, kuichoka kazi yenyewe hadi kuibeza, na kuona hufanyi la maana. Likizo ilikupumzisha mwili, lakini kipimo ulikikuta palepale.

Basi kishushe. Katika rundo hili sahihisha mambo mawili tu, tuseme mpangilio wa aya na upatanisho wa kisarufi. Tahajia ingojee insha ijayo, na wanafunzi waambie hivyo mapema. Kila daftari lipate alama na sentensi moja ya maoni. Makosa yanayojirudia yaandike kwenye karatasi moja, uyafundishe ubaoni siku ya kurudisha kazi. (Mtoto anayerudishiwa ukurasa uliojaa wino mwekundu hutazama alama, akafunga daftari.) Kwa namna hii dakika 4 zinatosha.

Madaftari 10 kwa dakika 4 ni dakika 40, yaani kipindi kimoja. Fanya vikao viwili kwa siku: kimoja katika kipindi usichofundisha, kingine kabla ya kutoka shuleni. Utamaliza kwa siku 13 za kazi. Toa madaftari 10 tu, mengine yafungie kabatini. Jicho likiona rundo zima, mkono unakuwa mzito.

Wengi huharibu siku ya tatu. Wanajisikia vizuri, wanasahihisha 45, na siku ya nne hawashiki kalamu. Kumi ni kumi, hata ukiwa na nguvu. Siku uliyoikosa nayo usiilipe: ukibebesha leo deni la jana, una 40 mezani na umerudi ulikotoka. Siku ikiwa mbaya kabisa, sahihisha daftari moja tu. Na utakapoona kosa la tahajia, mkono utakuwasha. Liache.

Ila ikiwa usingizi, hamu ya kula na furaha vimepotea kwa wiki mbili mfululizo, hata siku za mapumziko, nenda hospitali. Huenda ni sonona, na upungufu wa damu nao huleta uchovu kama huo. Ukiwaza kujidhuru, nenda leo hii.

SWALI: Naandika tasnifu ya uzamili. Sentensi ya kwanza nimeifuta zaidi ya mara ishirini. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Usianzie kwenye utangulizi. Anza na sura ya mbinu za utafiti, maana pale unaeleza tu ulichofanya: wahojiwa wangapi, wapi, kwa dodoso gani. Andika dakika 15 kwa kalamu na karatasi, kwa kuwa kompyuta ina kitufe cha kufuta. Neno likikwama weka XX, uendelee. Muda ukiisha simama hata katikati ya sentensi. Kesho utakuwa na pa kuanzia. Usisahihishe chochote kabla ya kufikisha kurasa tano. Hizo tano mpelekee msimamizi wako na kasoro zake, pamoja na swali moja unalotaka akujibu. Usipomuuliza kitu, atakurekebishia koma.