Ukistaafu uhandisi, usiende kwa wanao na bisibisi mfukoni

Wiki iliyopita nilipata meseji kutoka kwa ndugu mmoja, na yeye ni mhandisi wa mambo ya joto na hewa majumbani kama nilivyokuwa mimi, anastaafu mwezi wa sita. Ananiuliza, mzee, nakuona kila winta uko njiani, mara kwa watoto mara kwenye mikutano, unapangaje? Nikaanza kumjibu mistari mitatu nikajikuta nimeandika mpaka usiku wa manane, basi nikaona bora niweke hapa wote msome, maana najua wengi wetu ndoto ni hiyohiyo, ukistaafu utembee, ukae na wajukuu, uonane na wenzako wa kazi, usiozee kwenye kochi.

Winta yangu ya kwanza ya kustaafu niliiharibu mwenyewe. Nasema mapema ili mtu asidhani nahubiri kutoka juu.

Ilikuwa Januari 2024. Mkutano wa winta wa ASHRAE, chama chetu cha wahandisi wa joto na hewa, ulikuwa Chicago, na maonyesho ya AHR, yale ya mitambo ya kazi yetu, yalikuwa kwenye kumbi za McCormick Place tarehe 22 mpaka 24, kwa hiyo mimi nikaanza na tarehe za mkutano, afu kilichobaki kabla yake ndo nikampa binti yangu wa Minneapolis, kaskazini mwa Marekani. Siku tano. Yeye alikuwa ameomba wiki tatu tangu mwezi wa kumi, mke wangu akaniambia mtoto anataka tukae, mimi nikasema tutaona, na mnajua tutaona ya mzee maana yake nini.

Wiki ile baridi ilikuwa kali, usiku inashuka nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Asubuhi ya kwanza naamka nakuta madirisha ya binti yangu yanatoka jasho, maji yameteremka mpaka kwenye fremu za mbao yakaganda pale chini. Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni jambo la kusimamisha chai. Nikashuka chini kwenye mtambo wa kupasha nyumba joto, nikakuta mashine ya kuongeza unyevu imewekwa asilimia 40, nikaishusha mpaka 20. Sikumuuliza mtu. Kitaalamu nilikuwa sahihi na mpaka leo nasema nilikuwa sahihi, kwenye baridi ile ukiweka unyevu 40 mvuke unakimbilia kwenye kioo, mbao zinaoza, ukungu unaingia ukutani. Jioni madirisha yalikuwa makavu, nikawaonyesha, nikatoa na somo kidogo.

Usiku wa pili mjukuu wangu, alikuwa na miaka minne, akaamka analia, mto wote damu. Pua. Binti yangu akashuka chini mbio, akarudi ameshika mdomo, akasema Baba, ile 40 niliiweka kwa sababu ya pua ya mtoto, daktari ndio alituambia tuongeze unyevu. Na hapo ndio pabaya, kwa sababu mimi najua sababu yake kuliko huyo daktari! Hewa ya nje ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, mita moja ya ujazo inabeba gramu moja tu hivi ya mvuke wa maji, ukiiingiza ndani ukaipasha mpaka nyuzi 20 juu ya sifuri ina uwezo wa kubeba gramu 17, sasa hiyo gramu moja si ni ukame? Nimeyafundisha hayo kwa vijana miaka na miaka. Ila nilivyoona dirisha sikumfikiria mtu anayelala chumba kile.

Asubuhi mke wangu hakusema kitu. Binti yangu ndio aliyesema, taratibu, na mkwe wangu amekaa palepale anaangalia chini, Baba umekuja kutuona au umekuja kukagua nyumba?

Nilikasirika. Naandika hivi lakini siku ile nilikasirika kweli, nilijiambia kesho kutwa niko Chicago, kule ndio kuna watu wanaonielewa.

Haya, Chicago. Miaka 36 nimeingia kwenye kumbi kama zile na jina la kampuni chini ya jina langu kwenye beji. Safari hii ile sehemu ya kampuni ilikuwa tupu. Nikasimama kwenye banda moja nikamuuliza kijana kuhusu pampu zao za joto, zile mashine zinazovuta joto kutoka hewa ya nje kupasha nyumba, nje ikishuka chini ya nyuzi hasi 20 zinabaki na nguvu kiasi gani, na hilo ni swali ambalo mnunuzi yeyote mwenye akili angeuliza. Akaniangalia usoni, macho yakashuka kwenye beji, akasema vipeperushi viko pale mezani mzee, akamgeukia mtu wa nyuma yangu. Mwaka umepita na bado naliona lile jicho linavyoshuka. Nilienda nikakaa kwenye benchi la ukutani muda mrefu, na nikiwa palepale jirani yangu wa nyumbani akapiga simu, maji yanatoka chini ya mlango wa gereji yako.

Mabomba yangu mimi yamepasuka. Nilikuwa nimeshusha themostati, kile kifaa cha kupangia joto la nyumba, mpaka nyuzi 7 ili nipunguze bili, na maji sikufunga. Kwa wasiojua, maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9, lakini mara nyingi bomba halipasuki pale kwenye barafu, linapasuka kati ya barafu na koki ya jikoni iliyofungwa, yale maji ya katikati yanabanwa yanakosa pa kwenda. Na huoni kitu mpaka baridi ilegee. Ndio maana yalipasuka wiki ya baridi kali na mafuriko yakaja wiki iliyofuata. Kwa hiyo, ukisafiri winta, funga maji kwenye valvu kuu, fungua koki zote zitoe yaliyobaki, themostati isishuke chini ya nyuzi 13, na mtu awe anapita kuangalia. Funga maji. Hata kama ni siku tatu, funga maji.

Kwenye mkutano huohuo lakini nilipata kitu kimoja kizuri, na hiki nakipa kila mstaafu. Usianzie kwenye mabanda, anzia kwenye vikao vya kamati za kiufundi. Milango iko wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kukaa, na pale wanasikiliza unachosema hawasomi beji. Niliingia kimoja wanaongelea unyevu ndani ya nyumba za nchi baridi, wanabishana namba, nikanyoosha mkono nikawasimulia ya madirisha na ya mto wa mjukuu wangu, yote mawili, bila kuficha kwamba ni mimi niliyegeuza ile swichi. Kikao kilinyamaza. Baadaye vijana wawili walinifuata mpaka kwenye ngazi, mmoja anaandika kwenye simu yake, wananiita mhandisi, tukaongea zaidi ya saa nzima. Kumbe kitu walichokitaka kwangu ndicho nilichokiona aibu kule Minneapolis.

Usiku ule nilimpigia binti yangu nikaomba radhi. Haikuwa simu ndefu, alisema sawa Baba, na sawa ya mtoto wa kike aliyeumia sio sawa, mzazi yeyote anajua. Ilichukua muda.

Winta hii iliyoisha nikageuza mpango wote. Wiki tatu Januari kwa binti yangu, yeye ndiye aliyechagua tarehe, na mkutano wa Orlando mwezi wa pili 2025 ndio ukakaa pembeni. Sikubeba hata bisibisi. Baridi ya Januari ikaja tena, zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, madirisha yakatoka jasho, mimi nikachukua taulo nikayafuta kila asubuhi na mjukuu ananisaidia yale ya chini, ikawa kazi yetu mimi na yeye. Siku ya kumi hivi mkwe wangu akaniuliza mwenyewe, mzee tufanyeje na haya maji? Nikamwambia, nunueni mashine ndogo ya unyevu ya chumba cha mtoto peke yake, ile kubwa ishushwe. Wakafanya. Maneno yaleyale yangekuwa ya kugombana mwaka uliopita.

Kuondoka hatukupanda ndege, tulichukua treni ya Borealis kutoka St. Paul, mji jirani na Minneapolis, mpaka Chicago, saa saba na nusu hivi, imeanza 2024. Kaeni upande wa kushoto. Mto Mississippi uko hapo dirishani mpaka karibu na La Crosse, sehemu kubwa barafu, na pale maji yanapobaki wazi tai wamekaa juu ya miti, mke wangu alihesabu 14. Ndege ya Orlando tuliikata ya asubuhi ya kwanza na siku mbili za akiba kabla ya mkutano, na hilo pia nashauri, winta ndege ya kwanza ndio mara nyingi inaondoka kwa wakati, zile za jioni zinabeba ucheleweshaji wa siku nzima, na dawa zako zikae kwenye mkoba wa mkononi sio sanduku.

Orlando nilikaa kamati siku tatu, mabanda nilipita nusu siku tu. Beji ilikuwa tupu vilevile.

Kwa hiyo ndugu uliyeniandikia, tarehe za mikutano zinajulikana mapema sana na hiyo ndiyo hatari yake, unazijaza kwenye kalenda kabla hujawauliza watu wako. Piga simu kwanza. Uliza wanataka uje lini, ukae siku ngapi, nyamaza usikie, afu ndio ufungue ukurasa wa tiketi. Mimi ya winta ijayo binti yangu bado hajanipa tarehe, anasubiri ratiba ya kazi ya mumewe. Sijakata tiketi yoyote.