Kikaangio cha kibanda cha nje: cha umeme, cha gesi au cha kuchomelea?

SWALI: Nauza chipsi na migebuka ya kukaanga jioni, nje, chini ya turubai. Mpaka sasa natumia karai na mkaa. Dukani nimeonyeshwa mashine ya umeme yenye matangi mawili ya lita 6, kila moja kilowati 2.5, na nyingine ya gesi. Fundi wa kuchomelea naye anasema atanitengenezea ya kwake kwa bei nafuu. Nichukue ipi?
Mama lishe, Kibirizi, Kigoma

JIBU: Mama, chukua ya gesi yenye matangi mawili yanayojitegemea, kila moja na bana yake (kichomeo cha gesi) na koki yake ya kumwagia mafuta. Tangi moja liwe la samaki tu, maana mafuta yaliyokaangia mgebuka hayaishi harufu hata ukiyachuja mara tatu, na mteja wa chipsi ataisikia.

Ila usichague kwa lita. Wauzaji hutaja lita kwa sababu zinaonekana; kinachoamua kazi ni kilowati, yaani nguvu ya moto. Kilo moja ya viazi vilivyokatwa hutoa karibu nusu kilo ya maji hadi iwe chipsi. Ili kuyageuza maji hayo kuwa mvuke ndani ya dakika 6, mafuta yanahitaji kupokea kama kilowati 3.5. Tangi la umeme la kilowati 2.5 linatosha gramu 600 hivi kwa mkupuo. Ukimwaga kilo nzima, mafuta yaliyokuwa nyuzi 180 yanaporomoka hadi 140 na kubaki huko. Hapo viazi havikaangiki, vinachemka ndani ya mafuta: vinatoka laini, vyeupe, vimelowa, na mafuta yako yameondoka navyo. Watu hulaumu aina ya viazi, kumbe moto ndio mdogo.

Kwenye gesi, karibu nusu ya joto hupotea pembeni, kwa hiyo tafuta bana ya kilowati 7 au zaidi kwa kila tangi la lita 8 hadi 10. Namba hiyo huandikwa kwenye kibati kilichobandikwa nyuma ya mashine. Kama kibati hakipo, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako: lita 8 za mafuta zifike nyuzi 180 ndani ya dakika 15 hivi.

Hiyo ya umeme ina tatizo jingine kwa mtu wa nje. Matangi mawili ni kilowati 5, yaani ampea 22 hivi, na soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Ukiyachomeka yote kwenye ekstensheni moja, waya utaungua. Umeme ukishuka jioni hadi volti 190, zile kilowati 2.5 zinabaki 1.7, wakati ndio wateja wamejaa. Na mvua ikipenya kwenye turubai, unashika chuma chenye umeme mkono ukiwa umelowa.

Sasa inama uangalie ndani ya tangi. Kuna matangi yenye sakafu bapa, moto unapiga chini moja kwa moja, na kuna yenye mirija ya moto inayopita katikati ya mafuta, huku chini yake kukiwa na nafasi ya sentimita kadhaa. Kwa samaki chukua la mirija. Unga na vipande vya ngozi vikianguka, vinatua kwenye ile nafasi ambayo mafuta yake hayachemki sana, haviungui. Kwenye sakafu bapa vinageuka makaa na kuyatia mafuta weusi na uchungu kwa siku moja. Lakini la mirija lina sharti lake: mafuta ya mawese yakiamka yameganda asubuhi, usifungue moto wote. Yayeyushe kwa moto mdogo mpaka mirija yote ifunikwe na mafuta ya maji, la sivyo yanayogusa mirija yataungua na kufuka moshi wakati ya juu bado ni mgando.

Jaribu vitu viwili kabla ya kulipa. Kwanza, washa bana kisha uuzime mwali kwa kuupuliza. Ndani ya dakika moja usikie "tak", valvu imejifunga yenyewe. Upepo wa ziwani utakuzimia moto siku yoyote, na bila valvu hiyo gesi itaendelea kumwagika chini ya tangi la mafuta ya moto. Pili, chovya kipimajoto chako kwenye maji yanayochemka. Kigoma iko juu ya usawa wa bahari kiasi kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, si 100. Kikisoma 105, jua kinazidisha nyuzi 8. Kifute kikauke kabisa kabla ya kukirudisha kwenye mafuta.

Mtungi uwe wa kilo 15. Wa kilo 6 ukivutwa na bana mbili kubwa hupoa, unatoka jasho la baridi na moto unafifia ungali na gesi. Uweke mita moja na nusu hivi kutoka kwenye mashine, nje ya kinga ya upepo. Kinga yenyewe iwe mabati pande tatu tu, upande mmoja wazi.

Kuhusu fundi: akichomelea stenlesi kwa welding, sawa. Akikuletea bati la mabati lililoungwa kwa risasi, kataa. Risasi ya kuungia huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, pale pale unapokaangia. Mshono unaachia na lita 8 za mafuta zinamwagikia bana. Koki nayo isiwe ya shaba, kwa sababu shaba huharakisha mafuta kuchacha.

Mwisho, agiza mfuniko wa bati unaozidi mdomo wa tangi. Mafuta yakishika moto, funga gesi, funika, uache mpaka yapoe. Usimwage maji hata kikombe.