Re: Oktoba siku 5, bahari na mlima kutoka Mombasa

Salaam yakhe. Kama nimekuelewa, wataka Lushoto, kule milima ya Usambara Tanzania, na bahari ya Tanga safari moja, na umekwama uanze wapi. Anza mlimani. Vuli yaingia Oktoba hiyo hiyo, ukichelewa njia za msituni zageuka utelezi mtupu, bahari haikimbii.

Kabla ya yote angalia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ile ya rangi ya njano. Visa hutahitaji kama una pasi ya Kenya, lakini kadi usiiache, mi yangu nliisahau juu ya friji nkaikumbuka tushavuka feri ya Likoni, ikabidi nirudi na jua lile.

Vuka mpaka pale Lungalunga na Horohoro, Tanga usilale, unganisha Segera, Korogwe mpaka Mombo, hapo ndo wapandisha kama kilomita 33 kupitia Soni, kona juu ya kona, mwenye kutapika akae mbele. Lushoto lala mbili, Irente nenda asubuhi, wasimama kwenye jabali, tambarare lote liko chini ya viatu vyako. Na beba sweta bwana, sisi wa Mombasa twajidanganya sana na leso.

Kurudi ndo ulale Tanga, mtaa wa Raskazone ufukweni, au Pangani, mji wa pwani kusini yake, ukibakisha siku.