Hanuka si Krismasi ya Wayahudi

Wengine huuliza kama Hanuka, sikukuu ya Wayahudi ya siku nane, ndiyo Krismasi yao. Hapana, haihusiani na kuzaliwa kwa Yesu. Imemtangulia kwa zaidi ya miaka 150. Antioko Epifane, mfalme wa Kiyunani wa Shamu, alilinajisi Hekalu la Yerusalemu mwaka 167 KK, akasimamisha humo ibada ya Zeu, mungu wa Wayunani. Myahudi Yuda Makabayo na ndugu zake wakapigana naye, na mwaka 164 KK wakalitakasa na kuiweka wakfu madhabahu mpya, tarehe 25 ya mwezi Kislevu wa kalenda ya Kiyahudi. Neno Hanuka maana yake ni huko kuweka wakfu. Mwenye Biblia ya Kikatoliki asome Wamakabayo wa Kwanza, sura ya 4. Na Yohana 10:22 ile "sikukuu ya Kutabaruku" ndiyo hiyohiyo, wengi tunaipita tu bila kujua.

Ila ile habari ya muujiza wa mafuta ya taa ya Hekalu, ya siku moja kuwaka siku nane, haimo kwenye Wamakabayo. Imo katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, iliyoandikwa karne kadhaa baadaye. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo kinasema siku nane zilifuata mfano wa Sikukuu ya Vibanda. Hata hivyo marabi walishikilia taa kuliko vita, ndiyo maana kila usiku huongezwa taa moja, karibu na dirisha au mlango ili wapita njia waone muujiza. Mwanga wake hautumiwi kwa kazi yoyote. Ni wa kutazamwa tu. Taa ya tisa ya kuwashia nyingine huitwa shamashi, ndugu wa neno letu shemasi.